Msibomoe gati kabla ya kutujengea pa kushukia

Gati lililozeeka halijionyeshi kutoka juu. Ukisimama juu yake unaona simenti iliyochubuka, viraka viwili vitatu vya rangi tofauti, vigingi vya chuma vilivyong'azwa na kamba za miaka mingi, na watu wamejaa hata huna nafasi ya kuinama. Uzee uko chini ya sakafu. Panda mtumbwi asubuhi mapema, upepo ukiwa bado haujaanza, umwombe mpiga kasia aupenyeze polepole kati ya nguzo, kisha inua macho.

Hapa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu mashariki ya Kongo, nimefanya hivyo kwenye gati moja ambalo wazee wanasema lilijengwa mji ukiwa bado unaitwa Costermansville, yaani kabla ya 1954. Silitaji, maana si hilo peke yake lililo katika hali hiyo, na haja yangu si kumshtaki mtu. Juu ya kichwa changu dari ya betoni ilikuwa imebanduka vipande vipana, vyuma vya ndani vimetoka nje kwa mistari, vyekundu kama udongo wa mtaa wetu wa Kadutu. Nilishika kimoja. Pale kinapoingia kwenye betoni kina unene wa kidole gumba. Pale kilipo wazi kimebaki unene wa kidole cha mwisho, na ganda lake linameguka mkononi. Wakati huo huo juu yangu nasikia nyayo, magurudumu ya mikokoteni na kreti za bia zikishushwa kwa kishindo.

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo, kwa hiyo niliyoyaona yalinitisha kwa sababu ninazozijua. Chuma kikishika kutu hakikai pale pale kilipo. Kutu inachukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilichoizaa, na betoni, ambayo inavumilia sana kubanwa, haivumilii kabisa kuvutwa au kusukumwa kutoka ndani. Inapasuka, inabanduka, hewa na unyevu vinaingia zaidi, na chuma kinacholiwa ndicho kilichokuwa kinabeba uzito wote wa kuvutwa. Mtu akija na ndoo ya simenti akaziba ufa bila kusugua chuma mpaka king'ae, amefunika kidonda chenye usaha. Baada ya misimu michache kiraka kinadondoka ziwani pamoja na kipande kingine cha dari.

Mahali penye hatari zaidi ni ule mkanda mwembamba ambapo maji na hewa vinapishana, pale mawimbi yanapolowesha na jua linapokausha kila siku. Nguzo ya mti ukiiangalia hapo utaiona imeoza mpaka imebaki kiuno, lakini kata moja iliyozama muda wote na utakuta mti mgumu, karibu mzima, kwa kuwa kuvu wa kuozesha wanahitaji hewa. Wenzetu wa Mombasa na Dar es Salaam wana adui mwingine tena, kiumbe wa baharini anayetafuna mbao za magati kutoka ndani, nje ukiona zima kabisa. Maji ya Kivu si ya bahari, hatuna mdudu huyo, wala hatuna chumvi ile inayomaliza vyuma vya pwani haraka. Ziwa letu limetuhurumia kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana magati ya zamani bado yamesimama, na ndiyo maana tumezoea kufikiri kwamba yatasimama tu.

Hayatasimama. Nalitaka gati jipya, kwa moyo wote, Bukavu na Goma. Ninayotaka kusema hapa ni mawili: lijengwe kwa kipimo cha mtu anayeshuka na mzigo, na katika siku zote za ujenzi mtu huyo asikose pa kuweka mguu. Nimeona michoro ya aina hii ya kazi. Meli imechorwa vizuri, lori limechorwa vizuri, kreni imechorwa na kivuli chake. Mtu hayumo.

Kwetu watu ndio mzigo mkubwa wa bandari. Kutoka Bukavu hadi Goma kwa barabara ni kama kilomita 200 za milima, kona, matope na vizuizi. Kwa ziwa ni usiku mmoja ndani ya meli au saa chache ndani ya boti ya haraka. Idjwi kisiwa kizima hakina njia nyingine, kila nanasi, kila mfuko wa kahawa, kila mgonjwa anayeletwa hospitali anapita juu ya maji. Kalehe, Minova, Nyamukubi, kote huko ufukweni watu wanapanga wiki yao kwa siku za soko na siku za boti. Na mwaka 2024 vita ilipofunga barabara upande wa Sake, mihogo, maharage na makaa ya Goma vyote vilihamia ziwani kwa mara moja, kwenye vyombo vile vile, kwenye magati yale yale. Mapema 2025 vita ilipofika Goma na kisha Bukavu, boti zikasimamishwa, na ndipo hata yule ambaye hajawahi kupanda chombo alijua ziwa linamlisha. Bei sokoni ilimwambia.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti ya MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya Kituku, Goma, ikikaribia kabisa kutia nanga. Watu walikuwa ufukweni wanaingojea, wanawaona wao wakija. Makumi walikufa. Chombo kilikuwa kimejaa kupita kiasi, na hilo limesemwa sana. Miaka mitano kabla, Aprili 2019, boti nyingine ilikuwa imezama upande wa Kalehe, watu wengi wakapotea, na tangu hapo habari ya jile za kuokoa, yaani maboya ya kuvaa, inarudiwa kila mahali. Sina neno dhidi ya jile. Lakini chombo kinajazwa kwenye gati. Pale ndipo mtu wa mwisho anaongezwa, pale ndipo gunia la mwisho linatupwa juu. Gati lenye milango kumi haliwezi kuhesabu watu, hata ukiweka komiseri mwaminifu kuliko wote na kitabu chake cha manifesti, orodha ya abiria. Gati lenye njia moja ya kupanda na njia nyingine ya kushuka, zenye reli za kushika upande huu na upande huu, linahesabu lenyewe. Kwa hiyo ninapozungumza juu ya zege na nguzo, nazungumza juu ya Kituku. Ziwa lililotulia mita chache kutoka nchi kavu ndilo lililowachukua wale watu.

Tuje kwenye urefu, maana hapa ndipo ninapotaka msomaji akae na mimi.

Chukua asubuhi moja ya kawaida. Meli kubwa ya Goma imefunga upande mmoja; ubavu wake uko juu kuliko sakafu ya gati, abiria wanashuka kwa kuteremka. Pembeni kuna boti ya mbao ya Idjwi, imesheheni ndizi. Ukingo wake uko chini ya sakafu karibu mita nzima, na ikishushwa mzigo inainuka kidogo kidogo. Nyuma ya hiyo kuna mitumbwi, chini kabisa, mtu aliyesimama ndani yake anaona sakafu ya gati usawa wa kifua. Vyombo vitatu, urefu tatu, ukuta mmoja wa wima uliojengwa kwa ajili ya meli tu. Ujanja wa kuunganisha hivyo vyote ni ubao mmoja, upana wa unyayo na nusu, mlaini kwa mafuta ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na maji ya mihogo. Mama anapita hapo na gunia kichwani au mgongoni kwa kamba ya kipaji, mtoto kifuani. Chini yake maji meusi kati ya chombo na ukuta, upana unaofunguka na kufumba kila wimbi linapopita. Kijana anayebeba mizigo anasimama mwisho wa ubao na kunyoosha mkono: "Leta mukono, mama, usiangalie mayi."

Mkono wa huyo kijana ndio chombo cha usalama tulicho nacho. Analipwa kwa gunia, halipwi kwa mtu aliyemshika asianguke, lakini anafanya, na nimemwona akiuachia mzigo wa watu uanguke ili amdake mtoto.

Sasa, tatizo hili lina jibu la kawaida kabisa. Sakafu inayoelea. Ponto za chuma au za betoni yenye mapovu ndani, zilizofungwa kwenye nguzo kwa pete zinazoteleza, zikipanda na kushuka na maji. Kutoka hapo daraja lenye bawaba upande wa nchi kavu, lenye reli na sakafu ya mikwaruzo. Ponto ya boti za mbao ikae sentimita chache tu juu ya maji, ya boti za haraka ikae juu zaidi, na meli kubwa ibaki na ukuta wake wa betoni. Chombo na sakafu vikipanda pamoja, hatua inabaki ile ile asubuhi na jioni. Hakuna ubao. Mtu mwenye magongo anashuka. Mgonjwa kwenye machela anapita bila kuinamishwa kichwa chini.

Mtu ataniambia Kivu halina kupwa na kujaa, ponto za nini? Kweli ziwa letu halipandi na kushuka kila siku kama bahari, na tangu bwawa la kwanza la Ruzizi, mto unaotoka ziwani hapa Bukavu, mwishoni mwa miaka ya 1950, mlango wa maji uko mikononi mwa watu kwa sehemu. Kwa mwaka wa kawaida tofauti kati ya mwisho wa mvua na mwisho wa kiangazi haifiki mita moja. Lakini nusu mita ndiyo tofauti kati ya kupiga hatua na kuruka. Na mvua za siku hizi hazifuati kitabu. Tazameni ndugu zetu wa Uvira, kule Ruzizi inakoishia: Tanganyika limepanda miaka hii mpaka likaingia mitaani, nyumba za watu zimebaki ndani ya maji, na Bujumbura vivyo hivyo. Ukijenga sakafu ya gati kwa kufuata kimo cha maji cha jana, umewaandikia wajukuu bili. Ponto haijali.

Juu ya mawimbi nitasema kwa ufupi. Goma imekaa mwisho wa kaskazini wa ziwa lenye urefu wa kilomita 90 hivi, na kiangazi, kuanzia Juni, upepo wa kusini-mashariki unasukuma maji kuelekea huko. Bukavu imejificha ndani ya ghuba yake, nyuma ya zile rasi zinazofanana na vidole. Ponto inayofaa Bukavu itapigwa mpaka ivunjike Goma isipokuwa imekingwa kwa ukuta wa mawe mbele yake. Mtu asinunue mchoro mmoja akaujenga miji miwili.

Chini ya maji ndiko miji hii inatofautiana zaidi. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulishusha moto katikati ya mji mpaka ukaingia ziwani, na ardhi mpya ikazaliwa pale pale, imesimama juu ya mteremko mkali unaoshuka haraka kwenye kina kirefu. Nguzo huwezi kuipigilia kwenye mwamba kama msumari. Lazima utoboe tundu kwa mashine, uingize nguzo, uijaze betoni. Na huo mwamba una mapango na matabaka ya kokoto katikati, kwa hiyo tundu la hapa halikuambii kitu juu ya tundu la mita tano mbele. Halafu kuna mazuku. Kila mtoto wa Goma anajua kwamba kwenye mabonde fulani hewa nzito inatoka ardhini na kukaa chini, mbuzi akilala hapo haamki. Ukichimba mtaro wa msingi ufukweni upande huo, umechimba bonde. Mfanyakazi asishuke asubuhi kabla hewa haijapimwa. Kipimo kidogo cha kaboni dioksidi ni bei rahisi kuliko jeneza. Watu wananiuliza pia juu ya gesi ya ziwani, kama nguzo zitaitoboa. Ile gesi nyingi imebanwa na maji mazito kwenye vina vya zaidi ya mita 250, katika ziwa lenye kina cha mita 480 hivi. Nguzo za gati hazifiki huko hata karibu.

Bukavu ni kinyume chake: udongo. Udongo wa mfinyanzi unaotokana na mawe yaliyooza, laini, mzito ukilowa. Funu kule Kadutu mlima mzima unatambaa taratibu na nyumba zake mgongoni, wataalamu wamekuwa wakiupima kwa miaka. Kila mvua kubwa inaleta matope na chupa za plastiki mpaka ufukweni, zile zile chupa zinazokwenda kuziba mitambo ya umeme ya Ruzizi. Kando ya gati la zamani matope yamejaa kiasi kwamba boti za mbao zinagusa chini mahali ambapo wazee wanasema meli ilikuwa inafunga. Nguzo hapa zinapigiliwa, ndiyo, lakini ndefu, zipite matope mpaka zikute kitu kigumu, na mto wowote mdogo unaomwagika karibu ujengewe kwanza mtego wa taka na udongo. La sivyo utakuwa na gati jipya juu ya shamba.

Na ardhi inatikisika. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la 5.9 lilitupiga Bukavu na wenzetu wa ng'ambo ya Ruzizi, watu wakiwa makanisani. Waliokuwepo hawajasahau. Udongo laini uliolowa, ukitikiswa, unaweza kupoteza nguvu zote kwa sekunde chache na kuwa uji. Ukuta mzito wa mawe uliokaa juu yake unainama kuelekea majini na kubeba watu wake. Ndiyo sababu nyingine inayonifanya nipende nguzo na ponto kuliko ukuta mkubwa wa mawe ambao wanasiasa wanaupenda kwa kuwa unapigika picha vizuri.

Sasa lile la pili, la kutobomoa.

Mjenzi yeyote anataka uwanja mtupu. Namwelewa, kazi inakwenda haraka, hakuna watu wa kulinda, hakuna kelele. Atasema: fungeni gati miezi kumi na minane, wasafiri waende kwingine. Swali ni wapi. Boti hazitaacha kwenda Goma. Mama wa Idjwi hataacha kuuza ndizi mwaka mmoja na nusu. Wataenda kwenye kila kipande cha ufukwe ambapo mtumbwi unaweza kuingiza pua, nyuma ya nyumba za watu, kwenye mawe, usiku, bila taa, bila manifesti, bila mtu wa kuhesabu. Na tukishawazoesha huko, gati jipya likifunguliwa na takisi zake mpya, yaani ushuru, nusu yao hawatarudi. Tutakuwa tumejenga Kituku kumi ndogo kwa fedha za kuzuia Kituku moja.

Njia nyingine ipo na si ya uchawi. Ponto zijengwe kwanza. Zinaundwa nchi kavu, kwa kuchomelea, zinasukumwa majini na kuvutwa mahali pake kwa boti. Ziwekwe kando ya gati la zamani, si mbele yake, zikiwa na daraja lake na njia yake ya kuhesabia. Wiki hiyo hiyo abiria wahamie hapo, na gati la zamani libaki na mizigo mizito. Kisha gati ligawanywe vipande viwili. Kimoja kinabomolewa na kujengwa upya, kingine kinafanya kazi, halafu wanabadilishana. Kipande kinachobaki kipunguziwe uzito: malori yasipande kabisa, mizigo ivukishwe kwa mikokoteni, na mpiga mbizi akague nguzo zake kabla na kila baada ya miezi michache, kwa sababu mitetemo ya kupigilia nguzo mpya inaweza kuziamsha zile mbovu zilizo jirani. Kazi itachukua muda mrefu zaidi na itagharimu zaidi, nakubali. Gharama ya njia ya kwanza haiandikwi kwenye bajeti ya mradi kwa sababu wanaoilipa ni abiria.

Kazi ikiisha, zile ponto zilizozidi zisiuzwe vyuma chakavu. Zivutwe mpaka Idjwi, au Nyamukubi. Nyamukubi ile iliyofukiwa na mafuriko tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, Alhamisi, watu wamejaa ufukweni na bidhaa zao. Ponto ni gati linalosafiri. Hakuna ukuta wa mawe unaoweza kufanya hivyo.

Kuna jambo dogo ambalo wabomoaji wanalisahau, nalo limenikera kwa muda mrefu. Nguzo za zamani zikikatwa usawa wa maji ili zisionekane, visiki vinabaki chini. Maji yakishuka kiangazi, kisiki kinakaa sentimita kumi chini ya uso, hakionekani, kinangoja chini ya boti ya mbao. Zing'olewe, au zikatwe chini kabisa kwenye udongo na mpiga mbizi, na iandikwe kwenye ramani ya bandari kila moja ilipokuwa. Betoni ya zamani ivunjwe, vyuma vitolewe, vipande vitumike kukinga ukingo dhidi ya mawimbi.

Jirani zetu wa Rwanda wamejenga bandari mpya Rubavu, upande wa Nyamyumba, dakika chache kwa boti kutoka Goma. Watu wakiiona wanarudi na uchungu. Mimi naona ni heri tuitumie kujifunza, tuwaulize wenye boti wanaofunga kule nini kinafanya kazi na nini hakifanyi, kabla ya kuchora chetu. Na hapa nyumbani waulizwe pia wale wasioitwa kwenye mikutano ya hoteli: vijana wa kubeba mizigo, wanaojua ni ngazi ya ngapi inayovunja magoti, akina mama wa ndizi, wanaojua saa ambayo boti tatu zinafika pamoja, wavuvi wa sambaza, wanaopita usiku na wanaojua taa ipi inawapofusha. Mkutano mmoja pale pale gatini, asubuhi, kwa Kiswahili, Mashi na Kihavu, utabadilisha mchoro kuliko ripoti nene.

Na takisi. Kila gunia linalopita linalipa, kila abiria analipa, mara nyingi kwa watu zaidi ya mmoja. Sehemu ya fedha hiyo, hata ndogo, ifungiwe kwa kazi moja tu: mpiga mbizi mara moja kwa mwaka, picha za kila nguzo, na matokeo yabandikwe mlangoni ambapo abiria anayasoma akingoja boti. Betoni iliyofunika vyuma kwa sentimita 5 au zaidi, ikachanganywa vizuri na kumwagiliwa mpaka ikomae, inaweza kuvuka miaka 50. Lakini ni lazima mtu ashuke chini kuiangalia kabla ya hapo.

Najua gati jipya haliji mwaka huu. Pengine si mwaka ujao, kwa hali tuliyo nayo. Kwa hiyo naomba kitu kimoja kwa gati la sasa, hilo hilo bovu. Ukuta wake ni wima na umeota utelezi. Mtu akianguka kati ya chombo na ukuta hana pa kushika, hata kama anajua kuogelea. Zifungwe ngazi za chuma kila baada ya mita chache, zishuke mpaka chini ya maji, na katikati yake mnyororo uliolegea unaoning'inia usawa wa maji, wa kushika mpaka msaada ufike. Vifungwe kwenye sehemu ya betoni iliyo nzima, na ubao wa abiria upigiliwe vipande vya mbao vya kuzuia mguu na kamba ya kushika upande mmoja. Hakuna mfadhili anayehitajika kwa hilo. Mafundi wa kuchomelea wa Kadutu wanaweza kulimaliza kabla upepo wa Juni haujaanza, nami nimeshachora vipimo. Anayevihitaji aje avichukue bure.